Kelele Katika Seva ya Pili

Lefteris alimshika yule mtu kwa nyuma. Alipitisha mikono chini ya makwapa yake, akavifunga vidole kisogoni, akambana kifuani pake jinsi anavyobana mlango wa gari unaotaka kumwangukia. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na kitu kikishaingia mikononi mwake hakikutoka mpaka atake yeye. Alihisi mbavu za yule mtu zikipanda na kushuka upesi.

Mbele yao alisimama Thanasis. Alikuwa mpiga zege, na alikuwa kumbare wake, yaani ndiye aliyempokea binti wa Lefteris kutoka kwenye maji ya ubatizo. Kwa Wagiriki wahamiaji wa kitongoji cha Oakleigh kumbare ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Ndugu unaweza kukosana naye hata miaka kumi, lakini kumbare humwinulii mkono.

"Sikuwa mimi," yule mtu alisema. Hakupaza sauti. "Mimi mtu akirusha mpira nafunga mdomo. Muulize yeyote."

Thanasis hakuuliza. Ngumi ya kwanza ilitua kwenye taya, na Lefteris akaisikia kwa mwili kabla ya kuisikia kwa masikio, mtikisiko mfupi uliopita katika kichwa cha yule mtu ukaja kugonga kidevu chake mwenyewe. Ya pili iliingia kwenye sikio la kushoto. Ya tatu ilirudi palepale kwenye taya, na safari hii kitu kikalia ndani, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Damu ilichuruzika juu ya fulana ya miraba myekundu na myeupe hata myeupe ikapotea. Pembeni yao wenzao waliovaa buluu walikuwa bado wanaruka na kuimba, na mmoja alikuwa amewasha fataki ya moshi, ukatanda moshi wa buluu kwenye kona yote ya nyuma ya vibanda vya chakula. Lefteris alipoachia, yule mtu aliangukia viti vya plastiki, akavunja viwili, akalala na mdomo umekwenda upande.

Waligeuza fulana zao ndani nje, wakatawanyika kuelekea vituo tofauti vya treni. Hakuna aliyekamatwa.

Hiyo ilikuwa Januari, saa kumi alasiri, joto la nyuzi arobaini na moja. Robo saa kabla ya hapo mcheza tenisi wao, Vlahakis, alikuwa amepoteza mechi ya mwisho ya maisha yake.

Vlahakis alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Northcote, na Lefteris na wenzake walikuwa wamemfuata miaka kumi na minne, tangu anacheza kwenye viwanja vya pembeni ambako shakwe walikuwa wengi kuliko watazamaji. Walikuwa na utaratibu wao. Kwenye seva ya kwanza, ule mpigo wa kuanzisha pointi, Vlahakis alidunda mpira mara kumi. Dundo la saba likifika, wote sitini walipiga ukelele mmoja, "Vlaha", halafu kimya, ili madundo matatu yaliyobaki yawe yake peke yake. Ya kwanza ikiharibika, kwenye seva ya pili alidunda mara saba tu. Hapo hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Siku ile ilikuwa seti ya tano, taibreki, ile gemu ya kuamua, nane kwa tisa. Akipoteza pointi moja, mechi imekwisha. Lefteris alikuwa ameshuka chini kutafuta kivuli, lakini jua la pembeni bado lilimpiga machoni, na seva ya kwanza ilipokwenda aliona mpira ukigusa utepe wa juu wa neti na kuanguka. Alidhani umeangukia upande wa pili, kwamba seva inarudiwa na bado ni ya kwanza. Kumbe ulikuwa umerudi upande huuhuu. Akahesabu madundo kwa furaha. Kwenye la saba akapiga ukelele kwa nguvu zote alizobakiza, akajisikia yuko peke yake, na mpira ulikuwa tayari hewani. Raketi iliukata kwa ukingo. Ulitoka nje shubiri mbili.

Koo lake lilikuwa limekauka kwa masaa matano ya kuimba, hata mkewe asingeitambua sauti ile. Wale waliokaa juu walijua tu kwamba imetoka kivulini, na kivulini aliyeonekana kuliko wote alikuwa mtu mmoja aliyevaa rangi za mshindani. Thanasis aliposhuka ngazi akikimbia na kusema ni yule pale, mshike, Lefteris akamshika.

Wiki tatu baadaye Vlahakis alitangaza kwamba goti limekataa na kwamba anastaafu.

*

Thanasis aliweka sheria yake kwenye mkahawa, meza ya karibu na mlango, ambako walikuwa wakinywa kahawa yao baridi kila Jumapili baada ya kanisa. Alisema tenisi imekufa. Alisema atakayemshangilia mtu mwingine amelitemea mate goti la Vlahakis, na atamjua yeye ni nani. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengine walidhani ni uchungu tu, utapoa.

Mwezi wa Julai, kwenye mashindano ya nyasi kule Uingereza, Pavlos dereva wa teksi alichukua rimoti akawasha televisheni ya mkahawa. Aliwasha tu, akakaa na keki yake. Thanasis aliinuka, akachukua kisahani kizito cha kioo cha majivu ya sigara, akakirusha. Kioo cha televisheni kikapasuka. Kisha akamfuata Pavlos, akamshika nywele, akampiga uso kwenye meza, mara moja, mara mbili, kikombe kikavunjikia kwenye shavu. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Hospitalini Pavlos mwenyewe alisema ameteleza ngazini. Lefteris ndiye aliyefuta damu kwa karatasi za mezani, akizikunja moja moja, na Thanasis akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Wewe unanielewa, kumbare."

Alimwelewa, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mwaka mzima Lefteris alipiga nyundo kwenye mabati ya watu, na kila alipolinyoosha bonde moja alijiuliza swali lilelile: je, alikuwa anaupenda mchezo, au alikuwa anampenda Vlahakis tu? Kama ni Vlahakis tu, basi ameua kitu pekee alichokipenda nje ya nyumba yake, kwa mdomo wake mwenyewe, na kimekwisha. Kama ni mchezo, basi bado upo. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alitaka kujua.

Wakati mwingine alilala chini ya gari lililoinuliwa akafungua simu kusoma matokeo ya mashindano ya mbali, akiuficha mwanga kwa kiganja kama mlevi anayeficha chupa. Majina yale hayakumwambia kitu.

Januari ilipofika alimwambia Dimitra, mkewe, kwamba anakwenda mjini kutafuta rangi, akapanda treni. Ilikuwa wiki ya mchujo, wiki moja kabla ya mashindano yenyewe, ambapo wachezaji wasiojulikana wanauana kugombea nafasi chache zilizobaki. Hakuvaa buluu.

*

Uwanja wa kumi na nne una jukwaa moja dogo upande wa reli, na kivuli kinafika safu mbili za juu tu. Palikuwa na nafasi moja. Lefteris alikaa, akavuta pumzi, akageuka kumwomba radhi jirani kwa kumkanyaga, na akaiona ile taya.

Ilikuwa imeunga vibaya kidogo. Mtu yule alikuwa amegeuza kichwa ili sikio la kulia lielekee uwanjani, kama kuku anayesikiliza. Lefteris aliona jasho lake mwenyewe likimdondokea gotini. Alitaka kuondoka. Lakini kuondoka kulimaanisha kumpita tena, magoti kwa magoti. Akabaki.

"Unamshabikia nani?" jirani aliuliza.

Lefteris alisema hana mtu.

"Afadhali. Wenye watu hawafiki seti ya tatu, roho zimeshawatoka."

Alijitambulisha kwa jina la Tihomir, fundi wa vigae, wa St Albans. Hakumtambua. Angemtambua vipi? Siku ile hakuuona uso wa aliyekuwa nyuma yake.

Chini yao Mperu mmoja mfupi alikuwa anapambana na Mjapani mwenye mkono wa kushoto, na walikuwa wanapigana kweli. Mperu alijitupa kwenye zege mara mbili, kiwiko kikachubuka, akajifuta damu kwenye kaptura akaendelea. Tihomir alieleza, kidogo kidogo, akinyamaza kila mpira uliporushwa, kwamba na yeye aliwahi kuwa na mtu wake. Mwanamama wa kwao, mwenye seva ya kuua ng'ombe. Aliacha kucheza miaka kumi na mbili iliyopita. Mwaka wa kwanza Tihomir alimchukia kila aliyebaki na raketi mkononi. Mwaka wa pili alitazama huku ameizima sauti. Mwaka wa tatu mvua ilimfukuza kazini, akaja hapa kwenye mchujo, akachagua mtu kwa sababu soksi zake zilikuwa mbaya.

"Soksi?"

"Soksi. Mwingine nilimchagua kwa sababu mama yake alikuwa hawezi kutazama, amejifunika taulo. Unachagua, bwana, kwa lolote. Baada ya saa moja umelowa jasho kwa ajili ya mtu usiyeweza hata kulitamka jina lake. Akishinda unapiga makofi, akishindwa anapanda ndege, na wewe unarudi kula. Hakuna msiba."

Lefteris akamchagua Mperu, kwa kile kiwiko. Mperu alishindwa saa mbili na nusu baadaye, na Lefteris aligundua kwamba ameuma mdomo wa chini mpaka umevimba.

Alirudi siku ya pili. Alijiambia atakaa kwingine, akakaa palepale. Tihomir alikuwa amemletea pai ya nyama. Katikati ya mechi, akiwa anapuliza pai yake, alisema kwamba zamani alikuwa anaweza kufumba macho na kujua kwa mlio kama mpira umepigwa katikati ya nyuzi au pembeni. Sasa ana sikio moja, mlio hauji wote. Lefteris alimwuliza sikio lilipatwa na nini. Alijua analouliza. Aliuliza tu, kama mtu anayebonyeza jipu.

"Watu walinipiga mwaka jana. Walisema nimepiga kelele kwenye seva ya pili. Mimi." Alicheka kwa pua. "Wiki sita nakula kwa mrija. Supu, supu, supu."

"Uliwaona?"

"Aliyepiga nilimwona. Huyo simfikirii sana, alikuwa na hasira, na hasira ni ugonjwa. Ninayemfikiria ni aliyenishika. Huyo alikuwa na akili zake timamu. Alinisikia nikisema sikuwa mimi, mdomo wangu ulikuwa hapa na sikio lake hapa." Alionyesha kwa vidole viwili. "Akanibana zaidi."

Lefteris alitazama uwanjani. Alikumbuka kwamba ni kweli, alibana zaidi.

Usingeweza kusema alikosa nafasi ya kukiri. Alikuwa nayo pale, na kesho yake asubuhi kwenye foleni ya maji, na tena Tihomir alipomtunzia kiti. Lakini swali lake la mwaka mzima lilikuwa limepata jibu. Mchezo ulikuwepo, ulikuwa hai, na mlango wa kuingilia ulikuwa mtu huyu. Akisema, mlango unafungwa. Alitaka wiki moja tu. Aliiba siku ya tatu kama mwizi mwingine yeyote anavyoiba.

*

Thanasis alikuja siku hiyo ya tatu, mchana, na wanaume wawili wa kutoka kwenye kazi yake ya zege, buti zao zikiwa na vumbi jeupe. Pavlos ndiye aliyesema. Alikuwa amemshusha abiria mlangoni akamwona Lefteris akiingia, na mtu aliyeshonwa nyuzi kumi na moja husema haraka.

Walipanda jukwaa katikati ya gemu. Thanasis alikaa safu ya nyuma, akainamisha kichwa hadi kikawa begani kwa Lefteris, na kwa kuwa mpira ulikuwa unachezwa, hata yeye, hata siku ile, alinong'ona. Miaka kumi na minne haitoki mwilini upesi.

Alimnong'oneza kwamba amekuwa malaya, anashangilia yeyote anayepita. Mpira ukagonga neti. Alimnong'oneza kwamba Dimitra amemwambia kuhusu rangi, rangi gani hiyo isiyofika nyumbani. Akaweka mkono kwenye shingo ya Lefteris, kidole gumba chini ya sikio, akaanza kubonyeza. "Inuka taratibu, kumbare," alinong'ona. "Tutoke nje tuzungumze kama watu."

Wachezaji wakaenda kukaa ili wabadilishane upande. Tihomir akageuka kuona nani anamsumbua rafiki yake.

Thanasis alimtambua mara moja. Aliachia shingo ya Lefteris. Uso wake ulipata raha fulani, kama mtu aliyekuwa anatafuta funguo akaziona mezani.

"Huyu hapa," alisema, sasa kwa sauti yake kamili. "Bubu wetu. Na wewe unakaa naye? Unakula naye pai?" Akamkamata Tihomir kifuani mwa fulana, akamwinua kitini kwa mkono mmoja. Wale wawili wakaja kumziba njia. Tihomir hakupigana. Alifunika sikio lake zima kwa viganja vyote viwili, akayaacha mengine yote wazi, na ni hilo lililomshinda Lefteris.

"Mwache," alisema. "Ni mimi niliyepiga kelele."

Thanasis hakugeuka. "Kaa chini."

"Nilidhani imegusa neti ikapita. Jua lilikuwa machoni. Nilidhani inarudiwa, ni seva ya kwanza. Nikahesabu saba."

Mtu mwingine yeyote angesema ni uongo wa kumwokoa rafiki. Lakini Thanasis alikuwa amehesabu madundo yale miaka ileile kumi na minne. Hakuna kosa jingine ambalo lingeweza kuileta kelele mahali pale hasa, kwenye dundo la saba, wala nusu dundo mbele. Lefteris aliona jambo hilo likimwingia, likishuka, likifika chini. Mkono ulioshika fulana ukafunguka.

"Mwaka mzima," Thanasis alisema.

"Mwaka mzima."

"Umenifanya nimpige mtu bure."

"Ndiyo."

Alimpiga kwa paji la uso. Pua ya Lefteris ilivunjika papo hapo, akaona weupe, na wote wawili wakabingirika kushuka ngazi za chuma, safu baada ya safu, watu wakiinua miguu na vikombe, mpaka kwenye ujia wa zege chini ya jukwaa. Hapo Thanasis alikaa juu ya kifua chake, akapiga bila haraka. Alipiga kama anayeshindilia zege ili hewa itoke. Jicho. Jicho lilelile. Mdomo. Kati ya ngumi na ngumi alikuwa anamwita kumbare, na machozi yake yalidondokea usoni kwa Lefteris, moto, yakichanganyika na damu. "Nimembatiza mtoto wako," alisema. "Nimembeba mtoto wako." Akampiga tena.

Lefteris alikuwa ameamua kutoinua mkono. Alidumu na uamuzi huo hadi alipohisi jino likielea ulimini. Ndipo mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe, ukakikuta kidole gumba cha Thanasis, ukakishika kama unavyoshika ukingo wa bati, ukakikunja kurudi nyuma polepole, kwa ustadi, mpaka kilipokataa, na kupita hapo. Thanasis alitoa mlio ambao haukufanana na kitu. Wale wawili wakaanza kumpiga Lefteris mateke mbavuni kwa buti zao, na zile mbavu alizihesabu pia, mbili zikienda, kabla ya walinzi kufika wakikimbia na mmoja kupuliza dawa ya pilipili iliyowapofusha wote, wabaya na walinzi wenyewe.

Walipomwondoa Thanasis, mikono nyuma, hakumtazama Lefteris. Alikuwa anaomba mtu amwangalie kidole.

Tihomir alishuka ngazi akiwa ameshika reli. Alisimama juu ya Lefteris, kichwa kimegeuka, sikio la kulia likielekea chini.

"Siku ile uliyopiga kelele. Waliponipeleka kule nyuma ya vibanda. Wewe ulikuwa wapi?"

Lefteris angeweza kusema alikimbia. Pumzi ilimtoka kwa vipande.

"Nyuma yako," alisema.

Tihomir aliwapisha watu wawili wapite. Kisha akapiga goti, kwa uangalifu, kama anayepima kigae cha kwanza cha chumba, akakunja ngumi, akampiga mdomoni mara moja. Jino lililokuwa likielea likatoka. Akainuka, akajifuta mkono kwenye suruali, akasema kwamba pale kwenye kiti asirudi tena maisha yake yote. Alisema bila kelele. Halafu akapanda ngazi, kwa sababu seti ilikuwa bado haijaisha.

*

Mlinzi aliyebaki naye alikuwa Mtonga wa visiwani, mpana wa mabega, jina lake Viliami. Alimkalisha kwenye ndoo, akampa kitambaa chenye barafu, akachukua maelezo. Lefteris alitoa jina la Thanasis na anwani yake, akiitamka herufi kwa herufi kwa mdomo uliovimba, na kila herufi alijua anaifuta meza ya karibu na mlango, na kanisa, na harusi ya binti yake ambako mtu mmoja angekosekana. Akaeleza pia ya mwaka jana. Nani alipiga. Nani alishika. Viliami aliacha kuandika akamwuliza kama anajua anachojifanyia, kwamba polisi wako nje na kwamba kwa maneno hayo atashtakiwa na kufungiwa kuingia viwanjani, miaka mitano kama wakimwonea huruma. Lefteris alisema anajua. Kuhusu jino alisema limetoka kwenye ngazi. Viliami akamfunga mikono kwa mbele kwa ukanda wa plastiki.

Njia ya kutokea upande wa polisi ilipita nyuma ya ncha ya uwanja wa kumi na nne. Palikuwa na kamba, na kwenye kamba alisimama mama mmoja mzee wa kujitolea, kofia pana, miwani ya jua. Aliwaona wakija, mtu mmoja katika mavazi ya ulinzi na mwingine akivuja damu, mikono imefungwa. Akainua kiganja.

"Pointi inachezwa," alisema.

Viliami alisema polisi wanasubiri.

"Wasubiri. Hakuna anayepita nyuma ya mchezaji mpaka wabadilishane upande."

Viliami alimtazama yule mama, akaona haitafaa kubishana. Wakasimama. Lefteris alikuwa na jicho moja linalofunguka, na kupitia tundu la pazia la kijani aliona uwanja kwa chini, usawa wa magoti, mahali ambapo hajawahi kutazamia tenisi. Kutoka pale mpira haukuwa unapita, ulikuwa unakuja. Kijana mmoja mwekundu kwa jua, Mdenmaki au Mnorwe, alikuwa anaupiga kama anayetaka kuua kitu kwenye ukuta wa pili, na mwenzake, Mhindi mwembamba mwenye bandeji pajani, alikuwa anaurudisha. Anaurudisha. Alianguka, akainuka, akaurudisha. Kila ulipopigwa Lefteris aliusikia mbavuni, pale palipovunjika.

Refa akatangaza sawa: wamelingana, na gemu haiishi mpaka mmoja ashinde pointi mbili mfululizo.

Wakacheza tena. Mhindi akapata faida, akaipoteza. Sawa. Mwekundu akapata faida, akaupiga mpira mzuri kabisa, ukatoka kwa upana wa unyoya. Sawa. Damu ilishuka puani mwa Lefteris hadi kidevuni, na alikuwa amesahau kuifuta. Alikuwa amemchagua Mhindi, na hakujua ni lini. Mtu anayekwenda kufungiwa miaka mitano, aliyepoteza kumbare na rafiki kwa mchana mmoja, alikuwa amesimama kwa ncha za vidole akimsihi mtu asiyemjua akunje goti zaidi.

"Huyu mwembamba atakufa," Viliami alinong'ona. Na yeye alikuwa ameinama kwenye tundu.

"Hafi," Lefteris alisema.

Redio ya mlinzi ilikoroma begani, sauti ikiuliza mko wapi. Viliami akaipunguza kwa kidole bila kuondoa jicho lake kwenye tundu. Sawa, refa alitangaza, kwa mara ya saba. Mama wa kofia pana hakuigusa kamba.